Gari la Modesta lazima lifike Nyandira

Saa kumi na moja alfajiri, ukungu umeifunika Nyandira, na Modesta Ignas anaweka kiganja juu ya boneti la pikapu kama afanyavyo kila siku kabla ya kuiwasha. Anapima maji, anachomoa kijiti cha oili, anakifuta kwa kipande cha kanga. Nyuma yake wanawake wanapakia viroba vya karoti na kabichi za soko la Mawenzi, mjini Morogoro.

Injini inaitika. Pikapu inasogea kidogo, inatoa mlio kama wa kuni kavu zinazovunjwa, inasimama.

"Difu," anasema Modesta kabla hajashuka, akimaanisha gia za ekseli ya nyuma.

"Basi leo kabichi zitatembea zenyewe," anatania mama mmoja. Wanacheka kidogo tu. Kabichi iliyolala haina mnunuzi.

Pikapu hiyo ilikuwa ya kukodi, na mwenye gari hakutaka tena kuitengeneza. Modesta, mwenye umri wa miaka 38, aliona wakati umefika wa kununua gari lake. Akiba yake, iliyotokana na karoti za shamba la ukoo na kuwabebea wenzake mizigo, ilikuwa shilingi milioni ishirini na mbili.

Hakutaka pikapu nyingine. Alitaka gari refu la dizeli, lililofunikwa, la kuvuta kwa magurudumu yote manne.

"Mchana nilaze viti nipakie mboga," anaeleza. "Usiku nimlaze mgonjwa asinyeshewe."

Masika yaliyopita kaka yake, Amani, aliitwa usiku kumshusha mgonjwa hospitalini. Gari lake dogo liliteleza kwenye kona ya juu ya korongo kabla hajamfikia. Hakurudi. Tangu hapo, anayeitwa ni Modesta.

Kwenye yadi moja ya magari yaliyotumika huko Msamvu, mjini Morogoro, anafuatana na fundi wake, Hamza, na mjomba wake, Mzee Elia. Kwa Waluguru shamba hurithiwa upande wa mama, na mjomba ndiye mwenye neno. Pesa iliyotoka shamba la ukoo hainunui gari bila yeye kukubali.

Modesta anagusa boneti la gari la kijani lililochakaa rangi. Lina joto.

"Mmeliwasha kabla sijafika," anamwambia muuzaji. "Injini yenye joto huficha ubovu. Nitarudi kesho nilikute limelala."

"Dada, unanunua gari au unaposa?" anauliza Hamza.

"Mume akinishinda nitarudi kwetu. Gari likinishinda konani, nitarudi na nani?"

Kesho yake gari ni baridi kama jiwe la mtoni. Linawaka mara moja, linatoa moshi mwembamba unaopotea. Moshi wa bluu ungemwambia kuwa injini inakula oili. Modesta anajilaza chini na tochi, anagonga chesisi akitafuta kutu. Kisha analaza viti vya nyuma.

"Hamza, lala humo."

"Mimi?"

"Wagonjwa wa kwetu ni warefu kama wewe."

Hamza analala, miguu inaenea. "Nipelekeni taratibu, nina watoto," anaguna, na muuzaji anashindwa kujizuia kucheka.

Injini ya gari hilo ni ya zamani, yenye pampu ambayo fundi wa kijijini anaweza kuifungua. Lina pia gia nzito ya kupandia milima, ile inayoliwezesha gari kutambaa kwenye utelezi bila kulazimishwa. Bei yake inaimaliza akiba yote.

Mzee Elia halitaki. Anaonyesha jingine, jeupe, linalong'aa, bei nafuu. Modesta ameshalikagua: liko chini, halina gia nzito, magurudumu ya mbele ndiyo yanayovuta.

"Hilo la kijani lina rangi ya chura," anasema mzee.

"Chura anaishi kwenye matope, mjomba."

"Linakula mafuta."

"Halizidi pikapu."

"Viti vimechanika."

Hamza anamnong'oneza Modesta kuwa wazee hupenda vya kung'ara. Lakini Modesta hajaridhika. Mjomba wake amelima milimani tangu ujana, na anaijua barabara ya kutoka Sangasanga, lami inapoishia, jiwe kwa jiwe. Anamwendea pale alipoegemea ukuta, anapiga goti kidogo.

"Mjomba, masika hilo jeupe halifiki hata kwako. Wewe unalijua hilo kuliko mimi. Kwa nini unanichagulia?"

Mzee anavua kofia, anaitazama ndani.

"Kwa sababu halifiki," anasema. "Likishindwa kupanda, hawatakuita usiku. Nimemzika Amani. Sina nguvu za kukuzika na wewe."

Hamza anainamia tairi ambalo alikwisha kulikagua.

"Wataniita tu, mjomba," anasema Modesta. "Hata nikiwa na baiskeli, wataniita. Nataka nikiitwa nifike, na nirudi."

Mzee Elia anakwenda kwenye gari la kijani. Anafungua mlango wa mbele, wa abiria, anabonyeza kiti kilichochanika kwa kiganja.

"Basi chukua hili," anasema. "Lakini wakikuita usiku, nipitie kwanza. Nitakaa hapa. Kuogopa nikiwa garini naweza, mwanangu. Kuogopa nikiwa nyumbani ndiko kulikonishinda."