Simu yenye Macho Matatu

Tangu mdogo wake anunue simu yenye macho matatu mgongoni, fundi alikuwa na kijiba cha roho ambacho hata usingizini hakikumtoka. Walishonea chumba kimoja, cherehani zao zimetazamana, na ushonaji wenyewe ni yeye aliyemfundisha, kuanzia kutunga uzi. Sasa wateja walimpita pale mlangoni kama kabati.

"Samahani mama, yule dada wa picha za magauni yupo?"

Yule dada, yeye mama. Na walipishana miaka michache tu.

Kidoti, ndivyo alivyoitwa mdogo mtu, kila akimaliza gauni alilivisha sanamu la dirishani, akalipiga picha, akaiweka kwenye stetasi. Haipiti jioni, simu inalia. Juzi ilileta kazi kubwa kuliko zote: mwalimu wa kwaya aliona picha ya gauni moja, akaipenda rangi, akaagiza sare za kwaya nzima kwa kitambaa kilekile. Kukishika kitambaa chenyewe, wala hakuja.

"Ni simu tu ile," fundi alijisemea. "Nami nikipata kali zaidi, tutaona."

Akavunja akiba yake, akaenda dukani. Kwenye pochi alitia kipande kilichodondoka mezani kwa Kidoti, cha kitambaa kilekile cha kwaya, maana hakujua namna nyingine ya kununua kitu. Uzi, zipu, vifungo, vyote alivichagua kwa kuvilaza juu ya kipande.

Muuza simu, baba mmoja mwenye kitambi na maneno mengi, akaanza: hii chaji inakaa siku mbili, hii hata ikitumbukia majini haifi, hii inatunza picha zako mpaka uzeeke.

"Mdogo wangu anayo yenye macho matatu," fundi akamkatiza. "Yenye manne ipo?"

"Dada, simu hainunuliwi kwa kuhesabu macho. Unataka ya kufanyia nini?"

"Ya kumzidi."

Muuza simu akacheka mpaka kitambi kikatikisika. Akamtolea mbili. Ya kwanza ilikuwa ndugu ya ile ya Kidoti, toleo jipya zaidi, na bei yake ilimfanya fundi atafute kiti. Ya pili ilikuwa nusu ya bei hiyo.

Fundi akakitandaza kipande chake juu ya kaunta, rangi ya damu ya mzee, akakipiga picha kwa ile ya bei mbaya. Kisha akakilaza kando ya kioo kama anayelinganisha uzi. Macho yakamtoka. Kwenye picha kitambaa kilikuwa chekundu kama nyanya.

"Hii siyo rangi yangu."

"Ndiyo uzuri wake. Inapendezesha. Hata wewe ukijipiga utang'aa."

Akajaribu ya pili. Damu ya mzee ikabaki damu ya mzee, na nyuzi zilizochanika pembeni zikaonekana moja moja.

"Hiyo haijui kusifia mtu," muuza simu akasema, kama anayeomba radhi.

Hapo ndipo fundi alipoelewa: na ile ya Kidoti hupendezesha hivyohivyo. Mwalimu wa kwaya ameagiza nyekundu ya kwenye picha. Siku ya kuchukua sare atazikataa zote. Raha ikampanda fundi kutoka tumboni. Kazi yake ni kunyamaza tu, siku hiyo akae kwenye kiti chake, ashone vifungo, asikilize.

Akanunua ile ya nusu bei. Mkono wake uligoma kulipia rangi isiyolingana na kipande, na wivu ukamnung'unikia njia nzima.

Nyumbani alimkuta Kidoti ameshatandaza kitambaa mezani, chaki imepita, mkasi mkononi.

"Dada, umenunua kumbe. Ina macho mangapi?"

"Mawili."

"Mawili nayo si haba," Kidoti alisema kwa huruma, na huruma ile ilimchoma fundi kuliko sindano.

Mkasi ukafunguka. Fundi akaketi, akatunga uzi. Ukakosa tundu. Akaulamba, ukakosa tena.

"Huyo mwalimu umempelekea kipande akakishika?"

"Si ameona picha."

"Nimekuuliza kipande."

Kidoti akasimamisha mkasi. Fundi akamlazia kitambaa kando ya picha ya lile gauni kwenye simu yake yenye macho matatu. Kidoti akatazama kioo, akatazama kitambaa, akakaa juu ya meza.

"Ningezikata zote, dada."

"Shuka. Unakalia kitambaa cha watu."

Kesho yake mwalimu wa kwaya, alipopigiwa simu, alikuja mwenyewe, akashika kipande, akakunja uso, akachagua nyekundu nyingine. "Fundi mwingine angekata tu, hasara ingekuwa yangu," alimwambia Kidoti. "Binti, wewe ni mwangalifu kweli."

"Ni dada aliyeniambia," Kidoti akasema, akimwonyesha.

"Ahaa. Habari mama," mwalimu akasema, shingo ikageuka nusu na kurudi. "Sasa, kola utanifanyiaje?"

Fundi akainamia cherehani. Kumbe Kidoti na ukweli anausema, tena mbele ya mteja, bila kuombwa. Hata sababu ya kumnunia hakumwachia. Akakanyaga pedali kwa kasi mpaka uzi ukakatika.