Amina ya Mama Uwanjani

Juzi, ndani ya treni ya kwenda Bankstown, huku Australia, aliingia kijana mwenye begi kubwa la michezo, na behewa zima likanuka dawa ya kuchua misuli. Ni ile harufu kali inayowasha pua kabla haijafika kooni. Nilijikuta nimesimama, ingawa kituo changu kilikuwa bado. Hata leo harufu hiyo hainiachi nikatulia, na nitawaeleza kwa nini.

Mwaka ambao kaka yangu Dezire alianza chuo kikuu, nyumba yetu ilinuka hivyo kuanzia mlangoni. Alikuwa wa kwanza katika ukoo wetu kufika chuo, na jambo la kwanza alilofanya huko ni kujiunga na timu ya mpira wa Kimarekani, ule wa kofia ngumu na mabega ya plastiki. Mama, aliyekuwa akifanya kazi ya kuwaogesha wazee katika nyumba ya kuwatunzia, hakuwa na habari; aliamini dawa ile ni ya mgongo uliochoshwa na vitabu. Alikuja kujua Jumapili moja kanisani, kwaya iliponyanyua mikono na mkono wa Dezire ukagoma kupanda.

"Nani amekupiga?"

"Hakuna, Mama. Ni mchezo."

"Mchezo gani wa kuvunja mabega? Basi. Umekwisha huo."

Dezire hakubishana. Aliomba kitu kimoja tu: Mama aje aone mechi moja, kisha aamue. Mama akaenda na chupa ya chai, na rafiki yake Mama Bosco ambaye tulitoka naye kambi moja ya wakimbizi Tanzania, na mimi, binti wa miaka kumi, niwe mkalimani. Kuhusu mchezo wenyewe sikujua lolote.

Uwanja ulikuwa ng'ambo ya maghala ya Wetherill Park, nyasi zimekauka, nzi wanatutambalia midomoni. Mchezo ulikwenda vipande vipande. Wanakimbia, wanagongana, wanaanguka lundo, wanainuka. Kisha, kabla ya kuanza tena, wanafanya duara, wameshikana mabega, vichwa chini. Mmoja anasema maneno machache, wote wanapiga kofi moja na kutawanyika.

Mama aliacha kumimina chai. "Wanaomba?"

"Nadhani," nilisema.

"Kila mara?" Mama Bosco akashangaa. "Na wa kwetu tunawavuta masikio hata kwa sala ya chakula!"

Tangu siku ile Dezire aliruhusiwa. Mama alibadilishana zamu kazini ili asikose mechi, lakini hakuwahi kukaa. Alikwenda na kurudi ukingoni mwa uwanja, kitenge begani. Duara lilipofungwa alisimama na kuinamisha kichwa, na kofi lilipolia aliitika kwa sauti ya kufika goli la pili: "Amina!" Nilitamani ardhi inimeze. Lakini wazazi wengine, Watonga wa visiwani, Walebanoni, Waaustralia wa siku nyingi, waliipenda, na kufikia katikati ya msimu upande wetu wote uliitika. Timu iliyoanza kwa kufungwa mfululizo ikafika nusu fainali.

Siku hiyo Dezire aliangukiwa na lundo. Lundo lilipoinuka, yeye hakuinuka. Mama alivuka kamba kabla refa hajapuliza filimbi, nami nikamfuata mbio. Wachezaji wa timu zote mbili walikuwa wamepiga goti moja, kimya, kama desturi yao mtu akiumia.

"Mama, toka uwanjani," Dezire alinong'ona. "Watu wanaangalia."

"Waangalie," Mama alisema, akimpima kama wazee wake wa kazini. "Kunja goti. Na lingine. Bibi yako anaitwa nani?"

"Katerina. Mama, pumzi tu ndiyo iliyokata."

Daktari wa timu alimkagua, akasema anaweza kurudi. Dezire hakumtazama kocha. Alimtazama Mama. Hapo nahodha wao, Mtonga mkubwa kama kabati, akavua kofia na kuniinamia.

"Mwambie shangazi tunashukuru kwa maombi," alisema kwa Kiingereza, akimaanisha Mama. "Ila asije akadanganyika. Sisi kwenye duara huwa tunapanga mchezo tu."

Nilijua nikitafsiri, ruhusa ya Dezire imekufa. Nilitafsiri.

"Najua," Mama alisema. "Nilijua tangu mechi ya pili. Nani anaomba huku anatukana? Mwambie wapange vizuri. Anayeomba ni mimi." Akamfuta Dezire vumbi shavuni. "Nenda."

Walifungwa. Mama alitembea ukingoni mpaka filimbi ya mwisho, na sauti ilikuwa imemkauka.

Kwa miaka mingi nilikisimulia kisa hiki ili watu wacheke. Niliamini Mama alimruhusu Dezire mara moja tu, ile siku ya kwanza. Kisha kiangazi kilichopita nilisimama kwenye bwawa la kuogelea na binti yangu, mwalimu amenyoosha mikono kumpokea, na vidole vyangu vikakataa kumwachia. Nilimwachia. Aliibuka, akarudi, akataka tena, na ikabidi nimwachie upya. Ndipo nilipoelewa kwamba Mama alitoa ruhusa ile kila duara lilipotawanyika, msimu mzima, kwa sauti, mbele za watu.