Mshono Uliokuja kwa Simu

Chaneli ilikatika Jumatatu jioni, saa moja na dakika chache, binti wa kwenye tamthilia akiwa amesimama mlangoni kwa mama mkwe mtarajiwa, hajagonga bado. Kwenye mkeka wa jirani yetu Ba tulikuwa watu kumi na mmoja, ukimhesabu na mtoto mchanga aliyekuwa ananyonya. Skrini ikawa ya bluu tupu, kisha katikati yakatokea maandishi ya Kiingereza. Wote wakanigeukia mimi.

Mimi sipendi kugeukiwa. Niko kidato cha tatu, na mwalimu akiniuliza swali jibu huwa ninalo, ila linakwama kooni mpaka anamuuliza mwingine. Ndiyo maana nina daftari. Yale ninayoshindwa kuyasema mchana nayaandika jioni, na hakuna anayenikatiza. Lakini pale kwa Ba hapakuwa na msomi mwingine, basi nikasoma.

"Wanasema chaneli hii haipatikani kwa sasa, kwa sababu hawajaelewana."

"Nani na nani?" akauliza mama wa chumba cha uani.

"Wenye chaneli na wenye dishi. Wenye chaneli wanataka waongezewe malipo, wenye dishi wamekataa."

"Sasa wao wakinuniana sisi tunanyimwa chakula kwa nini? Ndiyo mambo ya kulelewa na mama wawili haya."

Ba ni bibi wa Kihindi anayekaa ghorofa ya pili kwenye jengo letu la Mchafukoge. Wajukuu zake wanamwita Ba, yaani bibi kwa Kigujarati, na sisi wa chini tumedandia hilohilo. Amezaliwa hapahapa mjini, na Kiswahili chake kinampita hata mwenyekiti wa mtaa. Tamthilia ni ya Kihindi, kwa hiyo kila jioni yeye ndiye anayetutafsiria, na akifika penye utamu husita kwanza anywe chai, makusudi.

Fundi aliyetuunganishia nyaya kutoka dishi la juu ya paa aliitwa usiku uleule. Akalielekeza dishi Ilala, akalielekeza Posta, akashuka na masizi usoni akasema ni mawingu. Hakuna aliyemwamini, maana mawingu hayajui Kiingereza.

Kesho yake wanawake wakakata shauri. Ba ana mdogo wake Mombasa, na huko wanatumia dishi la kampuni nyingine, kwa hiyo tamthilia waliendelea kuiona kama kawaida. Mdogo mtu alikuwa anampigia simu dada yake kumpa yaliyotokea. Wanawake wakamwekea Ba masharti: asithubutu kumsimulia mtu. Wataisubiri chaneli irudi waone wenyewe, kwa sababu kusimuliwa tamthilia ni kama kusimuliwa pilau. Ba akaapa. Nilimwona anavyopata taabu. Alikuwa anasimama mlangoni kwake kafumba mdomo kama mtu aliyefunga.

Wao walikuwa na subira. Sisi hatukuwa nayo, na hapa namzungumzia shangazi yangu.

Shangazi ni fundi cherehani. Anashonea barazani, mlango wa mbele wa jengo, na mimi nakaa kwake tangu darasa la tano. Magoti yake hayapandi ngazi tena, kwa hiyo kila jioni ananituma kwa Ba na penseli. Kazi yangu ni kuchora nguo: mikono imekatwaje, shingo imekaaje, mtandio umeanguka bega gani. Nikishuka namkabidhi karatasi, na baada ya siku mbili mshono unaning'inia barazani. Watu wanadhani shangazi ana jicho. Jicho ni langu, ila mimi sina shida na hilo, bora wasinitazame.

Miezi miwili kabla, alikuja dada mmoja wa Ilala anayeuza pochi Kariakoo. Anaolewa. Alisema, tena bila kupumua, kwamba kwa ile sherehe yake ya ukumbini hataki gauni la kukodi, anataka sari ya kushonwa, ya kuvaa kama gauni, na mshono uwe uleule atakaovaa yule binti wa tamthilia siku ya harusi yake. Harusi ya kwenye TV ilikuwa imeshatangazwa, na kwa hesabu zetu ingeonyeshwa wiki mbili kabla ya harusi ya Ilala. Shangazi alikuwa hajawahi kukubali kushona nguo ambayo bado haijavaliwa na mtu, lakini siku hiyo alikubali.

"Ila mdomo," akaniambia mteja alipoondoka. "Usimwambie mtu, hata Ba. Ba akijua, jengo limejua. Jengo likijua, keshokutwa unaukuta mshono wangu umetundikwa Mtaa wa Kongo."

Ndivyo mafundi wa Kariakoo wanavyoishi. Mshono mpya una maisha ya wiki moja, halafu unakuwa wa kila mtu.

Sasa chaneli imekatika, harusi ya kwenye TV hatuioni, na bi harusi anakuja kila siku akitoka kazini. Alikuwa ameshawatangazia wenzake wote dukani. Mbaya zaidi alikuwa ameshamtangazia wifi yake mtarajiwa, ambaye naye alikuwa anaulizia mtaani, kwa sauti ya kusikika, lini atamwona huyo mcheza sinema wao.

"Shangazi, nisitiri," akasema bi harusi siku ya tano. "Nikitokea na gauni la kawaida, yule ataniimba mpaka nazeeka."

Shangazi akanitazama. Nikajua naenda juu.

Nilimkuta Ba ameshika simu, anaongea na Mombasa. Nikakaa kwenye kiti cha pembeni nikisubiri. Alipoiweka chini macho yalikuwa mekundu, na anajifuta kwa ncha ya sari.

"Shikamoo Ba."

"Marahaba binti. Umekuja kunijaribu?"

"Hapana Ba. Sitaki habari. Nataka nguo tu. Leo yule amevaa nini?"

"Nguo tu?"

"Nguo tu."

"Nyeupe," akasema. "Nyeupe tupu. Haina ua, haina uzi wa dhahabu. Mkononi hana hata bangili moja."

Akajifuta tena macho, akainuka akaenda jikoni.

Nataka niseme ukweli hapa, kwa sababu daftari hili silisomi mbele ya watu. Nilijua kuna swali. Lilinijia palepale kitini: Ba, unalia nini? Lakini utamuulizaje mtu mzima analia nini? Nikajijibu mwenyewe. Harusi imefika, na wanawake wakiona harusi wanalia. Shangazi hulia hata kwenye harusi za watu asiowajua, zikipita na matarumbeta barabarani. Nikachora sari nyeupe tupu, kazi ya dakika moja, nikashuka.

Shangazi aliishika ile karatasi akaigeuza nyuma, kama urembo ulibaki upande wa pili.

"Ndiyo hivi tu?"

"Ndiyo hivi."

Akafikiri. Kisha uso ukamchangamka, akaanza kunieleza kwamba watu wenye uwezo siku hizi hawajipambi, kwamba hiyo ndiyo fesheni yenyewe, na kwamba ni mafundi wa ovyo tu wanaoficha mishono yao mibaya kwa shanga. Kwetu nyeupe ni ya bi harusi, hilo halikumpa shida. Akanunua shifoni nzuri sana akashona siku tatu. Kusema kweli ilitoka safi. Hukuona mshono ulipoanzia wala ulipoishia.

Bi harusi alipoijaribu alijitazama kwenye kioo muda mrefu.

"Shangazi, mbona kama natoka hospitali?"

"Unatoka India, mwanangu. Nyoosha mabega."

Akanyoosha. Akajitazama tena, akaanza kuamini. Binti wa kwenye TV amevaa, yeye ni nani akatae?

Alhamisi, siku mbili kabla ya harusi, alikuja jioni kuichukua. Shangazi alikuwa anaipiga pasi ya mwisho, tukasikia vigelegele ghorofa ya pili. Wenye chaneli na wenye dishi walikuwa wamepatana, na walikuwa wanaturudishia kwa mkato yaliyotupita. Bi harusi akanishika mkono. "Twende tukaione nguo yangu," akasema, na kabla sijajibu tulikuwa tumeshapanda ngazi.

Mkeka ulikuwa umejaa. Tukabanana mlangoni. Na kweli, binti akatokea na sari nyeupe tupu, na bi harusi wetu akanifinya mkono kwa furaha, maana ilikuwa yenyewe. Kisha kamera ikarudi nyuma. Yule binti alikuwa amekaa sakafuni. Wanawake wamemzunguka, wanalia. Ukutani kulikuwa na picha ya bwana harusi imevishwa shada la maua.

"Mbona wanalia?" akauliza bi harusi.

Ba hakugeuka. "Bwana harusi amekufa. Amepata ajali akienda kwenye harusi. Huyu sasa anahesabiwa mjane, na kwetu mjane ndivyo anavyovaa."

Bi harusi akaniachia mkono. Polepole, kidole kimoja kimoja.

"Mmenishonea eda," akasema.

Hapo mkeka mzima ukatugeukia. Watu kumi na mmoja, na zaidi. Nilitamani skrini iwe ya bluu tena, iandike chochote, niisome. Lakini yule dada midomo ilikuwa inamcheza, na wa kulijibu hilo nilikuwa mimi peke yangu. Nikasema. Nilisema kwamba sisi ndio tuliotaka mshono wa harusi, kwamba tulificha, kwamba nilimkuta Ba analia nikaona aibu kuuliza. Sauti ilitoka nyembamba lakini ilifika mpaka mwisho.

Ba akaizima TV. Huo ulikuwa mshangao mwingine, chaneli ndiyo kwanza imerudi.

"Wewe uliniuliza nguo," akaniambia, "nikakupa nguo. Ungeniuliza habari..." Akawatazama wenzake kwenye mkeka. "Lakini na hawa walinifunga mdomo. Haya, hiyo nguo iko wapi?"

Ba hashuki chini ila siku ya sikukuu. Alishuka. Shangazi alipomwona anatoka kwenye ngazi, na nyuma yake bi harusi mwenye machozi, na nyuma yake mimi, akaweka pasi chini akakaa kabla hajaambiwa kitu. Alipoambiwa, akafunika uso kwa khanga, na ndani ya khanga nikamsikia anasema, "Nusu kosa langu, nusu la huyu mtoto."

Ba akaipapasa ile shifoni, akaigeuza upande wa ndani.

"Kazi nzuri," akasema. "Tena nyeupe haina neno. Hata mimi niliolewa na nyeupe. Sisi Wagujarati bi harusi wetu anavaa nyeupe, ila lazima nyekundu iingie. Nyekundu ikiingia, huyo si mjane tena."

Nikauliza nyekundu ipi, ya damu au ya pilipili. Nikauliza pindo lina upana gani, akanionyesha kiganja chake. Nikauliza linazunguka chini tu au linapanda mpaka begani, na mtandio wa kichwani rangi gani, na uzi wa dhahabu unakaa ndani ya nyekundu au unapakana nayo, na bangili ngapi kila mkono. Ba akaanza kucheka. Akasema huyu mtoto kumbe alikuwa amejaza tangi. Shangazi akatoa kichwa kwenye khanga akanitazama kama mgeni.

Maduka yalikuwa yameshafungwa. Ijumaa asubuhi nikatoroka shule, naandika hivyohivyo, nikaenda Kariakoo na kipande cha shifoni mkononi. Muuzaji wa kwanza alinionyesha nyekundu iliyopauka, nikamwambia hii hapana. Wa pili hivyohivyo. Wa tatu akaniuliza kama naolewa mimi, nikamwambia anifungulie jora lile la juu. Shangazi alishona tangu saa sita mchana, na mimi nikashonea uzi wa dhahabu kwa mkono. Vidole bado vina matundu.

Jumamosi tulikuwa ukumbini Ilala, shangazi na mimi, kwenye viti vya nyuma karibu na jiko. Bi harusi aliingia na nyeupe yake iliyozungukwa nyekundu, na bangili mpaka karibu na kiwiko, Ba alimwazima zake. Wifi mtu alikuwa amejipanga. Chaneli ilirudi kwao pia, alishaona. Akamsubiri apite karibu na meza yake, na matarumbeta yakiwa yamepumzika akasema kwa sauti, "Mbona yule wa kwenye TV hakuolewa? Mbona yule amefiwa?"

Bi harusi hakusimama. "Ndiyo," akasema, "harusi yake nimekuja kuimalizia mimi."

Ukumbi ukapasuka. Wifi mwenyewe alicheka, nilimwona, aliinamia sahani ili asionekane. Shangazi alilia, lakini yeye ni kawaida yake.

Jumatatu walikuja wanawake wawili kutoka Ilala wakitaka nyeupe ya pindo jekundu. Hawakutaja tamthilia, walisema ule mshono wa ile harusi. Shangazi akachukua futi akaanza kupima kiuno cha wa kwanza, na mimi nikafungua daftari la vipimo. Shangazi akaninong'oneza, "Uliza."

Nikaiweka kalamu chini. "Dada, samahani. Ni ya shughuli gani?"

Yule mama akavuta stuli akakaa. Akaniambia ni habari ndefu, ilianza kwa mdogo wake wa kiume, ambaye tangu utotoni alikuwa hasikii la mtu. Adhana ya alasiri ilitukuta bado hajafika kwenye nguo.