Kura Tuliyopiga Chemchemini

Mimi mikutano ya kijiji siipendi. Unaitwa asubuhi, unaanza jua la utosi, na nusu ya muda mtu anasimama kumshukuru aliyesimama kabla yake. Lakini ule wa chemchemi niliuwahi, maana mama alikuwa ameapa kwamba siku hiyo ama ng'ombe watatoka kwenye maji yetu, ama yeye atahama Nyakasimbi.

Alikuwa na haki ya kukasirika. Chemchemi ni moja, chini ya vibanja vyetu vya migomba, na kila kiangazi ng'ombe wa jirani yetu waliikanyaga mpaka ikawa tope. Jirani huyo ni mfugaji, amejenga kule nyasi zinakoanzia, na tunasali naye kanisa moja. Mtu mpole sana. Ng'ombe wake ndio hawana upole.

Hoja ilikuwa fupi: chemchemi izungushiwe uzio, mifugo isiingie kabisa. Mfugaji akasimama, kofia mkononi.

"Ndugu zangu, waitu," alisema, "kiangazi wanyama wangu watakunywa wapi?"

Mto uko mbali, na kila mtu pale alijua kwamba ndama mwenye kiu hafiki huko. Mwenyekiti akaitisha kura. Mikono ikapanda uwanja mzima, wa mama ukitangulia, wangu ukifuata. Waliopinga walikuwa mfugaji na mkewe tu.

"Wengi wape," mwenyekiti akasema, akafunga mkutano.

Nilijua yule mzee atatususa. Mimi ningesusa. Ningewapita watu mlangoni mwa kanisa kama siwajui.

Jumamosi tulishuka wote kuchimba mashimo ya nguzo, tukamkuta ameshafika. Alikuwa amebeba nguzo za mkaratusi kutoka kwake, hakuna aliyemwagiza, na sasa alikuwa anachimba shimo la kwanza, upande uleule ambao ng'ombe wake walizoea kuingilia.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu."

"Na wewe umekuja?"

"Si tulipiga kura?" alijibu, akaendelea kuchimba.

Redioni nimewasikia watu wakubwa wakikataa matokeo kwa maneno makubwa. Sikuwahi kuona jambo kubwa kama mgongo wa yule mzee, umeinama juu ya shimo la kuwazuilia ng'ombe wake maji.

Tukaanza kazi. Mama alikuwa anakata senyenge. Ghafla akasimama.

"Mwenyekiti! Haya maji yanayofurika yanakwenda wapi?"

"Yanapotelea bondeni, mama."

"Basi tuyachimbie mfereji, tujenge birika nje ya uzio. Ng'ombe wanywe huko."

Mwenyekiti akajikuna kichwa. "Birika halikupigiwa kura."

"Tupige sasa! Wanakijiji si ndio hawa? Na siku ile ulisema wengi wape, ukaishia hapo. Wachache nao wasikilizwe, hilo ulimwachia nani?"

Watu waliangua kicheko, na mwenyekiti naye akashindwa kujizuia. Akauliza wanaokubali. Mikono ikapanda pamoja na chochote ilichokuwa imeshika: majembe, mapanga, nyundo, na kipande cha senyenge cha mama. Nilivitazama vyuma vile juu ya vichwa vyetu, vyote vikisema ndiyo, nikalia mbele za watu wala sikuona haya.

"Wanaopinga?"

Hakuna. Lakini mwenyekiti wetu ni mtu wa utaratibu. Alitupa jicho huku na huku, akamwona mfugaji.

"Mzee, mbona wewe hukunyoosha mkono?"

Hakuweza. Mikono yake yote miwili ilikuwa imekumbatia nguzo ya uzio, ameisimamisha wima shimoni, anatusubiri tumalize kura tuje kushindilia udongo.