Sanda ya Bi Tabia

Bi Tabia wa Ngamiani alikuwa mcha Mungu na alikuwa mbishi, na sijui kipi kilitangulia. Tuliishi ukuta kwa ukuta, kwa hiyo nina haki ya kusema. Kazi aliyojipa ni kuosha maiti za wanawake maskini wasio na jamaa mjini, na hakupokea hata kikombe cha chai.

Shoga yake alikuwa Bi Shemsa, wa watu wa Omani. Utotoni walikaa mkeka mmoja chuoni, wakasoma juzuu moja. Huko waliahidiana kwamba atakayetangulia kufa, mwenzake ndiye atakayemwosha. Yalikuwa maneno ya kitoto, maana Bi Shemsa aliogopa maiti kiasi cha kubadili njia akiona jeneza.

Ikaja ile miaka ya dhiki, duka la ushirika likabaki na rafu tupu na muuzaji anayesinzia. Kwetu mtu mzima huweka sanda yake mapema, chini kabisa ya sanduku. Bi Tabia yake alikwisha kumvika maskini mmoja wa Kigombe. Ndipo akafa Rahila, mwanamke wa Maramba aliyekuwa akifua nguo za watu mtaani, na mazishi yakapangwa baada ya alasiri. Bi Tabia akazunguka mtaa mzima kutafuta bafta. Hakupata hata kipande.

Akaenda kwa Bi Shemsa. Nilikuwa pale barazani nikisukwa nywele. Hakukaa, akasema anaitaka sanda yake.

Sote tuliijua ile sanda. Marehemu mume wa Bi Shemsa, Bwana Taimur, aliileta kutoka Makka, ameichovya katika maji ya Zamzam kwa mkono wake. Bi Shemsa akajibu kwamba Rahila azikwe na khanga zake, dini inaruhusu.

"Khanga zake matundu matupu," akasema Bi Tabia. "Kavaa viraka maisha yake yote, Shemsa. Kwa Mola wake haendi na viraka."

Bi Shemsa akalia. Akasema ni kitu pekee kilichobaki cha Taimur. Msimwite mchoyo, mimi pia ningekataa. Bi Tabia hakugombana naye. Alirudi kwenye maiti ya Rahila, akateka maji, akaanza kuosha kana kwamba sanda iko njiani. Nilimfuata kumsaidia kumwaga maji, nikimnung'unikia moyoni kwa ukaidi wake.

Hatujamaliza, pazia likafunguliwa. Bi Shemsa alisimama pale, furushi limefichwa ndani ya buibui, uso umemparara. Akaliweka chini. Nilidhani atakimbia, lakini aliuliza ashike wapi. Bi Tabia akamwambia ashike kichwa. Akakishika, macho kayafumba, mpaka mwisho.

Baadaye ikaja ruksa ya kuingiza bidhaa, madukani bafta ikapangwa mpaka darini. Bi Shemsa akanunua sanda mbili, yake na ya shoga yake. Haukupita muda, ya Bi Tabia ikaenda na kikongwe mmoja ombaomba. Akamnunulia nyingine, nayo ikaenda. Mara ya tatu hakumkabidhi. Aliifungia katika sanduku lake mwenyewe na ufunguo akauvaa shingoni. Bi Tabia alilalamika kila Ijumaa kwamba kitambaa kinalala sandukuni na watu wanakufa bila sitara. Mwenzake alijitia uziwi, na mimi nilimshangilia kimyakimya.

Bi Tabia alikufa wakati wa masika. Wanawake tulikuwa tumeanza kuulizana nani ataosha, Bi Shemsa akaingia na furushi lake, akatuomba tumpishe. Alimwosha toka kichwa hadi nyayo, macho wazi. Kisha akaitandika ile bafta, akaikunjua vizuri pembe zote. Tulimlaza Bi Tabia juu yake. Bi Shemsa akainama sikioni mwa shoga yake.

"Hii ni yako, Tabia," akasema. "Leo humpi mtu."