Majirani wamesukuma jeep ya courant

Leo quartier yetu imesukuma motokari ambayo haikukufa! 😂

Munajua kamiyoneti ya papa, ile pickup yake ya zamani ya esansi (petroli). Kila asubuhi inakataa kuwaka, na majirani wanatoka kusalimia papa na kuisukuma.
Na tangu vita ifunge barabara ya mashariki, kupata esansi iko kazi kweli.

Bon. Tonton Musa, mudogo wa papa, akaleta jeep yake ya courant, ile ya batri, haitumie esansi hata kidogo.
"Yaya, ijaribu. Ukiipenda, tunabadilishana na kamiyoneti."

Papa akabonyeza bouton.
Kimya.
"Yaya, imeshawaka," tonton akasema.

Papa angali anatafuta pedali ya embrayage (klachi) kwa muguu (haiko!), mama Furaha wa ngambo ya barabara akamuona mu jeep. Hakusikia injini.
"Mukuye musukume! Ya papa Yusufu imekufa tena!"

Wakatoka wote. Hata mwenye toleka, ule wa kubeba watu na baiskeli, akaangusha kinga yake, abiria akabaki chini.
Wakasukuma!
Papa akakanyaga. Jeep ikaruka bila sauti, mama Furaha akaanguka mu matope, na bado akapiga makofi: "Imewaka!"

(Tafazali musimuambie ukweli. Anajisifu mupaka sasa.)

Nikapanda nyuma, tukazunguka mupaka pembeni ya mto. Hakuna moshi, hakuna kutetemeka. Papa alikuwa anacheka peke yake kama mutoto.

"Donc, yaya, tunabadilishana?"

Muamue nyinyi jibu la papa ni ndiyo ao hapana, juu tonton angali anangoja. Papa alifunga mulango polepole, akasema:
"Iko muzuri sana. Lakini asubuhi, nani atakuja kunisalimia?"