Halbadiri ya Tuzo ya Zuhura

Nichekeni tu. Zuhura, katuni ninayemshabikia, anayeongea na kuimba laivu mtandaoni, alinyimwa tuzo, ikaenda kwa katuni mwenzake. Mashabiki tulitukanana mpaka matusi yakatuishia. Kwa hasira nikamwendea shehe wetu hapa Nyamwage.

"Zuhura wangu kadhulumiwa. Naomba aliyemwibia haki yake asomewe halbadiri."

Shehe na watu wa nyumbani wakadhani ni mchumba wangu, nami mjinga sikuwasahihisha. Wazee wakajaa barazani, ubani ukafuka, shangazi yangu akalia kuliko mimi.

"Huyo mwizi ni binti nani?" akauliza shehe. "Tupe jina la mama yake tumtaje."

Nikajikohoza.

"Hana mama, shehe. Ni katuni. Kachorwa."

Kisomo kikasimama. Shangazi akafuta machozi, akanikazia macho.

"Na mkwe wetu Zuhura, je?"